Mimba imekwisha, sigara isirudi: namna ya kumsaidia mzazi

Wanawake wengi wanaovuta sigara huacha mara wanapojua wana mimba. Shida iko mbele. Katika nchi ambako jambo hili limefuatiliwa kwa karibu, nusu yao hivi, pengine zaidi, huwa wameshairudia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mimi niliacha nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza na sijairudia. Tangu hapo nimekaa na mdogo wangu, wifi yangu na majirani wawili watatu katika miezi ile ya mwanzo ya uzazi, na ninachowaambia wenye wazazi majumbani ni hiki: msipumue mapema. Mwanamke anahitaji msaada zaidi baada ya kujifungua kuliko alipokuwa na tumbo.

Wakati wa mimba mwili wenyewe unasaidia. Harufu ya sigara ilikuwa inanitapisha hata ikitoka nyumba ya tatu. Tumbo nalo ni mlinzi, maana hakuna mwenye duka atakayemuuzia mjamzito sigara bila kumtazama mara mbili. Ukishajifungua ulinzi wote huo unaondoka kwa siku moja. Kichefuchefu kimekwisha, tumbo halipo, watu wote wanamtazama mtoto. Wewe una kidonda, hulali, maziwa yamejaa yanauma, na kichwani kuna sauti inayosema umevumilia miezi yote hiyo, mtoto sasa yuko nje, moja tu itamfanya nini?

Inamfanya mengi. Nikotini inaingia kwenye maziwa ya mama, na mtoto anayeinyonya hulala vibaya. Sigara pia hupunguza maziwa yenyewe, kwa hiyo mama anayelalamika kwamba mtoto hashibi huenda chanzo kiko hapo. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na nyingine hubaki kwenye nguo, nywele na pazia baada ya moshi kupotea. Mtoto anayekua kwenye moshi huugua zaidi nimonia, pumu na masikio, na hatari ya mtoto mchanga kufa ghafla usingizini inaongezeka. Hili la mwisho ndilo lililonishika mimi. Naliandika ili lijulikane, si ili mtu amtishe nalo mzazi, kwa sababu mzazi akitishwa anajificha, na akijificha hamtaweza kumsaidia tena.

Kujificha ndiko kunakotumaliza. Hapa kwetu mwanamke anayevuta sigara huonekana amepotoka, hivyo anavuta chooni, nyuma ya nyumba, au kazini kabla hajapanda daladala. Kliniki nilipimwa damu na presha, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaulizwa kuhusu chandarua. Kuhusu sigara sikuulizwa na mtu. Kwa hiyo kama unataka kumsaidia mdogo wako au mke wako, anza kwa kuwa mtu anayeweza kuambiwa. Siku akikwambia “dada, leo nimetamani”, usimpe hotuba. Muulize ilikuwa saa ngapi na alikuwa anafanya nini, kwa sababu kila mvutaji ana saa zake. Saa yangu ilikuwa ya chai ya jioni. Nikaacha chai ya rangi kwa muda, nikawa nakunywa uji wa ulezi, tena nikakaa upande wa mbele wa nyumba badala ya kule uani nilikozoea kuvutia. Linaonekana jambo dogo, lakini arosto hupenda mahali pake na saa yake.

Mdogo wangu shida yake ilikuwa magharibi, mtoto alipoanza kulia kwa tumbo. Jioni moja nilimwona amesimama kwenye mlango wa uani, ncha ya kanga ameing'ata kwenye meno, macho yanatafuta kiberiti pale juu ya jiko la mkaa. Sikumwambia kitu kuhusu sigara. Nilimpokea mtoto, nikamlaza kifudifudi juu ya mkono wangu huku namsugua mgongo, nikamwambia, “Nenda ukaoge, maji ya moto yapo kwenye ndoo.” Akaenda. Aliporudi mtoto alikuwa bado analia, ila yeye uso umerudi. Hamu ya sigara ikikupanda hudumu dakika chache tu, tatu, tano, kisha inashuka yenyewe hata usipovuta. Mzazi anachohitaji ni mtu wa kumvusha dakika hizo, mtu wa kumpokea mtoto. Ndiyo maana napenda ndugu waje kusaidia kazi kuliko kuja kumwona mtoto tu. Mletee mtori, mfulie nepi, mwache alale saa mbili za mchana. Usingizi umewaokoa wanawake ninaowajua kuliko nasaha zangu.

Sasa kwa akina baba, na hapa nasema bila kuficha. Kama wewe unavuta na mkeo ameacha, wewe ndiye hatari yake kubwa kuliko zote. Paketi kwenye mfuko wa suruali iliyotundikwa chumbani inamwita usiku kucha. Lililo bora ni muache wote wawili. Ukishindwa kwa sasa, sigara na kiberiti visiingie ndani kabisa, vuta mbali na nyumba (si dirishani, moshi unarudi), nawa mikono, badili shati ndipo umbebe mtoto. Na mtoto asilale kitanda kimoja na mtu anayevuta. Mpeni mahali pake karibu na mama, godoro gumu lisilo na mito, alazwe chali.

Wageni nao. Mzazi hawezi kumwambia baba mkwe azime sigara, si adabu yetu kumsukumia mzigo huo. Mume au mama mkwe aubebe mapema, kwa heshima: “Shikamoo baba, karibu sana. Mjukuu yuko ndani, naomba sigara tukaivutie kule mwembeni.” Sijaona mzee aliyekataa akiambiwa hivyo. Na Mangi wa dukani naye azungumzwe, kwa kuwa sigara moja moja ndizo zinazorudisha watu. Wifi yangu alimwambia mwenyewe: nikija kuomba moja, niambie zimekwisha.

Angalieni sana arobaini ikipita. Mama anayesaidia anarudi kijijini, nyumba inakuwa kimya, mzazi anabaki na mtoto peke yake kutwa. Baadaye kwa walioajiriwa inakuja siku ya kurudi kazini, maana likizo ya uzazi kwa sheria ya Tanzania ni siku 84, na kule wapo rafiki wa zamani na ile kona yao ya kuvutia. Apangiwe mapema atakula wapi na nani, na apige simu mchana kwa yule mtu anayejua siri yake.

Ukimwona analia kila siku, hataki kula, hamtazami mtoto, na hali hiyo inafika wiki mbili, hilo si suala la sigara peke yake. Huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, na inatibika. Mpeleke kituo cha afya, uingie naye. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, msisubiri hizo wiki mbili, mpelekeni siku hiyohiyo. Kwa hamu ya sigara yenyewe, kuna pia bazoka na plasta za nikotini ambazo daktari anaweza kumshauri hata akiwa ananyonyesha. Bazoka hutafunwa baada ya kunyonyesha, si kabla. Lakini shisha, ugoro na sigara za umeme zisimdanganye mtu kuwa ni njia ya kupumzika na sigara.

Na akiteleza akavuta? Asiache kunyonyesha. Wapo wanaomnyang'anya mtoto ziwa kwa hasira, na hapo mtoto anapoteza mara mbili. Maziwa ya mama yanabaki kuwa bora kwake hata mama akiwa amevuta, na ndani ya saa mbili hivi nikotini kwenye maziwa inakuwa imepungua karibu nusu. Kwa hiyo kama ni kuvuta, iwe baada ya kunyonyesha na nje ya nyumba, kisha anawe, abadili nguo, na usiku huo mtoto alale mahali pake. Kesho yake kaeni wawili, chai mezani, mwulize ilikuwaje: alikuwa na nani, alikuwa amelala saa ngapi, sigara aliitoa wapi. Majibu hayo ndiyo mtakayoyafanyia kazi wiki hiyo.