Sheria ifunge gharama yote ya mkopo

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: je, majimbo ya Marekani yapige marufuku kwa sheria ile mikopo midogo ya kumvusha mtu hadi siku ya mshahara? Nasema ndiyo, bila kusita. Ila sheria itakayokataza jina la mkopo na kuiacha bei yake haitamwokoa mtu. Hapa Ohio ninapoishi jambo hilo lilituchukua miaka kumi.

Wasomaji walioko Tanzania wanaijua mikopo ya kausha damu. Hii ni ndugu yake. Mtu anakopa dola 300, anaacha hundi ya tarehe ya mbele au ruhusa ya kukata fedha kwenye akaunti yake, na baada ya wiki mbili anadaiwa 345. Dola 15 kwa kila 100 hazitishi mtu akiwa na shida. Zihesabu kwa mwaka mzima, ni riba ya karibu asilimia 391. Na aliyekosa 300 leo, hizo 345 atazitoa wapi baada ya wiki mbili, kodi ya nyumba ikiwa palepale? Analipa 45 asogezewe tarehe, na deni linabaki 300. Mwaka 2014 ofisi ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iligundua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mikopo hii huongezwa muda au hufuatiwa na mwingine ndani ya siku 14. Faida ya biashara hii inatokana na mtu kushindwa kumaliza deni.

Huwa nawasomea majirani karatasi zao za Kiingereza, wengi wakiwa Wakongo waliokuja kama wakimbizi. Nimeshika mkononi karatasi za mkopo uliochukuliwa kutengeneza gari la kwendea kazini, ada zikiwa zimeshapita alicholipwa fundi. Mama mwenye deni lile anafanya kazi usiku kwenye ghala. Niliumia sana.

Sasa nieleze ya Ohio. Mwaka 2008 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuweka ukomo wa riba wa asilimia 28. Wakopeshaji wakaipeleka kwenye kura ya wananchi mwezi Novemba, wananchi wakaikubali sheria kwa takriban asilimia 64. Ungedhani yameisha. Wakopeshaji wakachukua leseni chini ya sheria nyingine, zikiwemo za mikopo ya nyumba, wakaendelea kukopesha vilevile. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaamua kwamba maneno ya sheria hayakuwazuia. Wananchi walikuwa wamepiga kura, na riba ikawa miongoni mwa zile za juu kabisa nchini. Mpaka 2018 ndipo ikapita sheria iliyoziba ule mwanya: riba ya asilimia 28, ada ya mwezi isiyozidi dola 30, na riba na ada zote kwa pamoja zisipite asilimia 60 ya fedha iliyokopwa. Kifungu hicho cha mwisho ndicho ninachokipenda.

Majimbo mengine yamekwenda mbali zaidi. Georgia ilipiga marufuku mwaka 2004. Nebraska mwaka 2020, jimbo ambalo huwezi kuliita la mrengo wa kushoto, watu 83 katika kila 100 waliopiga kura walikubali ukomo wa asilimia 36. Illinois ikafuata mwaka 2021, ikihesabu ada zote ndani ya kiwango hicho. Kazi hii ni ya majimbo kwa sababu ile ofisi ya serikali kuu imekatazwa na sheria kuweka ukomo wa riba. Wanajeshi na familia zao wanalindwa na ukomo wa asilimia 36 kwa sheria ya mwaka 2006. Kama Bunge la Marekani liliona riba hii inamharibu mwanajeshi, muuguzi na mfanyakazi wa ghala wana kosa gani?

Najua hoja ya upande wa pili: mkifunga maduka haya, maskini atakopa wapi? Ni swali la haki. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vinaruhusiwa tangu 2010 kutoa mikopo midogo kwa riba isiyozidi asilimia 28, na ada ya maombi isiyozidi dola 20. Havipo kila mtaa, na hapo majimbo yaweke fedha. Sisi wenyewe tuna upatu, Wakongo wana likelemba, na nimeona mchezo wa kina mama ukilipa kodi ya nyumba bila senti ya riba.

Walio Texas wawe macho zaidi. Huko mkopeshaji hutoza asilimia 10 tu, kisha dalali wake anaongeza ada ambayo sheria ya jimbo haijaiwekea kikomo. Wenzetu mliokwisha kupata uraia, mgombea wa Bunge la jimbo akija kuomba kura, mtakeni aseme kama ukomo anaouahidi unahesabu na ada ya dalali.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio