Maswali ya Wasomaji: Mchoro Wako Kwenye Bidhaa

Swali: Ndugu mshauri, mimi ni mchoraji wa kujitegemea, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichora ndege na mimea kwa ajili ya majarida na vitabu vya watoto. Hivi karibuni kampuni inayotengeneza madaftari, mikoba ya kitambaa na vikombe imeniomba michoro sita kwa ajili ya bidhaa zake mpya. Malipo wanayoyataja ni mazuri, nayo yatatolewa mara moja tu, lakini mkataba unasema kwamba ninawakabidhi “haki zote za michoro hiyo, duniani kote, milele, kwa matumizi yoyote yaliyopo na yatakayobuniwa baadaye.” Mwakilishi wao anasema hayo ndiyo maneno ya kawaida katika mikataba yao. Je, nitie saini? Na nikiomba mrabaha, yaani asilimia ya mauzo badala ya malipo ya mara moja, niombe kiasi gani?
Mchoraji wa ndege

Jibu: Usitie saini mkataba huo kama ulivyo. Huenda ni kweli kwamba kila mchoraji hupewa maneno hayo hayo, lakini mkataba unaoletwa kwanza ni pendekezo la upande mmoja, na una haki kamili ya kurudisha pendekezo lako kwa maandishi bila kuonekana mkorofi.

Hakimiliki ya michoro hiyo ni yako tangu ulipoichora. Chini ya Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu hakimiliki, uliotiwa saini mwaka 1886 na ambao leo una zaidi ya nchi wanachama 170, huhitaji kuisajili popote ili uwe mwenye haki, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote pamoja na angalau miaka 50 baada ya kufa kwako. Nchi nyingi zimeongeza muda huo hadi miaka 70. Mwajiriwa anayechora kama sehemu ya kazi yake hali yake huwa tofauti, kwa kuwa katika nchi nyingi haki huenda kwa mwajiri, lakini wewe si mwajiriwa wa kampuni hiyo. Kwa hiyo wanachokiomba ni kitu ambacho tayari ni chako, na ambacho kinaweza kuendelea kuwalisha wanao baada yako. Anayepangisha chumba hamwandikii mpangaji hati ya nyumba nzima, nawe huna sababu ya kuwauzia haki zote watu wanaohitaji kuchapisha madaftari, mikoba na vikombe.

Badala yake wape leseni, yaani ruhusa ya kutumia michoro huku haki zikibaki zako. Leseni nzuri hujibu mambo manne: ni bidhaa zipi, ziuzwe wapi, kwa muda gani, na kama ruhusa hiyo ni ya kampuni hiyo peke yake. Unaweza kuandika hivi: “Mchoraji anaipa kampuni ruhusa ya kuchapisha michoro sita iliyoambatishwa kwenye madaftari, mikoba ya kitambaa na vikombe pekee, kwa miaka miwili, katika nchi zilizotajwa hapa, matumizi mengine yoyote yatahitaji makubaliano mapya ya maandishi.” Sentensi hiyo moja inakuachia kalenda, kadi, nguo, mabango na vitambaa vya nyumbani, ambavyo unaweza kumpa mteja mwingine au kuvitengeneza mwenyewe.

Katika mambo hayo manne, upekee ndio unaowaumiza wachoraji wengi, kwa sababu hutolewa bure pasipo mtu kutambua kwamba ni kitu chenye bei. Kampuni ikitaka pasiwe na mtu mwingine wa kutumia ndege wako kwenye madaftari, inakuomba ufunge mlango ambao ungeweza kukuletea kipato, na ni haki yako kulipwa kwa kuufunga. Upekee uandikwe kwa kila aina ya bidhaa na kwa muda maalumu. Hakikisha pia kwamba hauhusu mtindo wako wa uchoraji: kifungu kinachokuzuia “kuchora kazi zinazofanana na hizi” kinaweza kukukataza kuchora ndege kwa mtu mwingine yeyote, na hicho ukikatae kabisa.

Kuhusu mrabaha, katika bidhaa za zawadi, vifaa vya kuandikia na nguo, viwango vingi huwa kati ya asilimia 3 na 10 ya bei ya jumla, yaani bei ambayo kampuni huwauzia wenye maduka. Hata hivyo, asilimia haina maana mpaka ujue ni asilimia ya nini. Asilimia 8 ya “mapato halisi” inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia 5 ya bei ya jumla, ikiwa kampuni imejipa uhuru wa kuondoa kwanza gharama za usafirishaji, matangazo, punguzo na bidhaa zilizorudishwa. Dai makato yote yanayoruhusiwa yaorodheshwe, na kila kisichoorodheshwa kisikatwe. Dai pia upewe taarifa ya mauzo kila baada ya miezi mitatu, na uwe na haki ya kukagua hesabu kupitia mhasibu wako. Wachoraji huona aibu kudai haki hiyo, ilhali kampuni hizo hizo huwakagua wasambazaji wao bila kusitasita.

Mrabaha una hatari yake: bidhaa isipouzwa, umefanya kazi ya miezi bila malipo. Ndiyo maana wachoraji wenye uzoefu huomba malipo ya awali yatakayokatwa kutoka kwenye mrabaha utakaofuata, lakini yasiyorudishwa hata kama mauzo yatakuwa duni. Kiasi wanachokupa sasa kingefaa sana kuwa malipo hayo ya awali, na ningeanzia mazungumzo hapo.

Malipo ya mara moja si dhambi. Kwa tangazo la wiki chache au toleo dogo lenye idadi maalumu yanatosha, na hukuepusha na kufuatilia hesabu za watu. Yanakuwa mabaya pale yanapofungamanishwa na neno “milele.” Mwaka 1971 Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu wa michoro, alilipwa dola 35 kwa alama ambayo Nike inaitumia hadi leo. Mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa zake, jambo la heshima, lakini ilizitoa kwa hiari yake. Anayeandika mkataba hawezi kutegemea hiari ya mtu. Upande mwingine yupo mchoraji wa Uingereza Beatrix Potter, ambaye mwaka 1903 alibuni mwenyewe mdoli wa Peter Rabbit, sungura wa vitabu vyake vya watoto, na kumsajili kisheria, kisha akaendelea kusimamia kwa karibu bidhaa zilizotokana na michoro yake. Hayo aliyafanya miaka zaidi ya mia moja iliyopita, wakati hakukuwa na mawakala wa leseni waliojaa kama sasa.

Yamebaki machache. Jina lako liandikwe kwenye bidhaa au kwenye lebo yake. Upewe sampuli uikubali kabla ya kiwanda kuanza kuchapisha. Leseni ikiisha, kampuni ipewe miezi michache ya kumaliza kuuza zilizobaki ghalani, bila ruhusa ya kuchapisha mpya. Na uwakabidhi faili la mwisho la kuchapisha tu, si faili lenye matabaka yote, ambamo kila sehemu ya mchoro imetengwa peke yake, kwa kuwa hilo huwarahisishia kumchukua ndege mmoja na kumpeleka kwenye bidhaa ambayo hamkukubaliana. Kabla ya kutia saini, mlipe mwanasheria anayejua hakimiliki asome mkataba mara moja. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na michoro sita iliyopotea.

Swali: Je, ninaweza kuuza fulana na stika zenye wahusika maarufu wa katuni, ikiwa nimewachora kwa mkono wangu na kwa mtindo wangu mwenyewe? Naona wengi wanafanya hivyo.
Msomaji anayeanza

Jibu: Bila ruhusa ya mwenye haki, hapana. Hakimiliki humlinda mhusika jinsi alivyo, pamoja na haki ya kuruhusu michoro mipya inayotokana naye, na mara nyingi jina na sura yake vimesajiliwa pia kama alama ya biashara. Baadhi ya kampuni hufumbia macho michoro ya mashabiki, lakini kufumbiwa macho si leseni, na kunaweza kukoma siku yoyote. Nakusihi ubuni wahusika wako. Watachelewa kujulikana, lakini siku kampuni itakapokuja kuwataka, itabidi izungumze na wewe.

Swali: Nimeamua kutengeneza bidhaa zangu mwenyewe baada ya kuchoka kusubiri wateja. Nilichapisha mabango na fulana, lakini rangi zilififia sana kuliko zilivyokuwa kwenye kompyuta, na fulana nyingi bado zimenijaa chumbani. Nifanye nini toleo linalofuata?
Mchoraji mwenye mzigo

Jibu: Rangi zako huenda hazikuharibiwa na kiwanda. Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, ilhali mashine ya kuchapia karatasi huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na kuna kijani kikali na bluu inayong’aa ambazo wino huo hauwezi kuzifikia. Geuza faili liwe la mfumo wa wino kabla ya kulituma, urekebishe rangi ukiwa unaona mabadiliko, kisha uombe sampuli iliyochapishwa kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wake halisi, kwa maana kwamba bango la upana wa sentimita 20 linahitaji takriban pikseli 2,360 kwa upana, na mchoro uvuke ukingo kwa milimita 3 kila upande ili kisu kikipinda kidogo pasibaki mstari mweupe.

Kwa fulana, chagua njia ya uchapaji kabla hujaanza kuchora. Uchapaji wa skrini, yaani wa kupitisha wino kwenye wavu, huhitaji skrini moja kwa kila rangi, kwa hiyo mchoro wa rangi mbili au tatu huwa nafuu ukichapisha nyingi, na mchoro wenye rangi kumi na mbili hukutia hasara ukichapisha chache. Uchapaji wa kuhamisha rangi kwa joto unaoitwa “sublimation” hushika vizuri kwenye poliesta nyeupe au yenye rangi hafifu, lakini kwenye pamba rangi hiyo haidumu. Uchapaji wa dijitali wa moja kwa moja kwenye kitambaa huifaa pamba na michoro yenye rangi nyingi, ingawa bei ya kila fulana hupungua kidogo tu hata ukiongeza idadi.

Mzigo uliobaki chumbani unatokana na saizi na idadi zaidi kuliko ubora. Mabango, kadi na stika hazina saizi za mwili, huchukua nafasi ndogo na husafirishwa kwa urahisi, kwa hiyo ningeanza nazo. Fulana zipokee oda zilizolipiwa kwanza, ndipo uchapishe, au utumie huduma inayochapisha moja moja mteja anaponunua. Faida yake kwa kila moja ni ndogo, lakini hakuna fedha zinazolala. Unapopanga bei, kumbuka kwamba maduka mengi hutaka kununua kwa takriban nusu ya bei watakayouzia. Ikiwa gharama yako, pamoja na vifungashio, zilizoharibika na muda wako wa kuchora, inazidi nusu hiyo, basi bidhaa hiyo iuze moja kwa moja kwa wanunuzi wako, usiipeleke dukani kabla hujapunguza gharama.

Na kama una leseni yoyote uliyokwisha kutoa, isome kabla ya kuagiza chochote: uliyempa upekee wa madaftari anaweza kukuzuia hata wewe kuchapisha daftari lenye mchoro huo, mpaka muda wake uishe.