Wastani ni ule ule, mbona nimeambulia 4?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Zamani tulipounda wahusika wa mchezo wetu wa kuigiza mashujaa tulirusha dadu tatu za pande 6 na kujumlisha, mara sita, kupata nguvu, akili, wepesi na kadhalika. Msimamizi wetu wa mchezo amechoka kuhesabu, sasa turushe dadu moja tu ya pande 20. Anasema wastani ni ule ule, 10.5, basi hakuna anayeonewa. Shujaa wangu katoka na nguvu 4, upanga wenyewe hauinuki. Jirani yangu ana 19. Nimeonewa, au nalalama tu?

JIBU: Marahaba, mpwa. Msimamizi hajadanganya, wastani ni 10.5 kotekote. Ila wewe huchezi na wastani, unacheza na hiyo 4.

Kwenye dadu ya pande 20 kila namba ina asilimia 5, iwe 1 au 10. Dadu tatu zina michanganyo 216: kupata 3 kuna njia moja tu, zote zilale kwenye 1, lakini 10 ina njia 27. Ndiyo maana matokeo hujazana katikati. Kupata 5 au chini yake ni michanganyo 10 kati ya 216, hata asilimia 5 haifiki. Kwa dadu moja ni robo nzima! Rusha sifa sita, utegemee moja au mbili mbovu hivyo kwa kila mhusika. Na 19 ya jirani, dadu tatu hazifiki huko kabisa.

Dadu hiyo naipenda kwenye mapigano, maana unairusha mara nyingi na bahati hurudi. Sifa hurushwa mara moja, ukaishi nayo hadi kisa kiishe. Nami niliwahi kufanya uvivu huo: mchawi akapata akili 2. Usiku wa kwanza tulicheka sana. Wa tatu mchezaji wake hakuja.

Mwambie ajaribu dadu nne za pande 6, ndogo kuliko zote itupwe. Zikija 6, 4, 4 na 1, toa 1, unabaki na 14. Wastani hupanda hadi 12 na ushei, na 16 au zaidi huja kama mara 13 katika 100.

Hiyo 4 omba uirushe upya. Jirani naye airushe 19 yake, asikae akichekelea.