Re: Fasi ya kulala kando ya mto karibu na Upemba

Ndugu yangu, unauliza fasi ya kulala kando ya mto na watoto karibu na parki ya Upemba, kutoka Lubumbashi. Endeni Kiubo, kwenye maporomoko ya mto Lufira. Kuko vinyumba vya kulala na fasi ya kusimamisha hema, pale pale Lufira inaangukia, usiku mzima unasikia maji tu, na asubuhi ule moshi wa maji unalowesha majani yote, mukiacha nguo inje mutazikuta zimelowa.

Mpaka Likasi ni lami, kisha udongo, njo maana mwende kiangazi, Mei mpaka Septemba, na gari ya kupanda juu, maana mvua ikianza kule mutakwama kabisa. Jazeni esansi Likasi, bebeni unga ya bukari na makala. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku ni kali, mablanketi mazito tafazali.

Watoto wasioge mtoni hata kama maji inaonekana imetulia, Lufira iko na mamba. Muulize kwanza wenyeji fasi gani wanaogea. Na mupige simu mbele ya kutoka, vinyumba si vingi.