Nyumba ya Mjerumani ya 1905 haiwezi kuwa Mbeya mjini

Dada, katika hadithi yako ya mapenzi na mzimu umeiweka nyumba ya Mjerumani ya 1905 Mbeya mjini, lakini mwaka huo mji wa Mbeya haukuwepo. Ulianza 1927, enzi za Mwingereza, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa kule Chunya. Nafundisha historia sekondari hapa Mbeya, na kosa hili nakutana nalo sana. Kwa hiyo huyo afisa wa Kijerumani aliyekufa na sasa anampenda binti mpangaji hawezi kuwa na nyumba ya ghorofa hapa mjini.

Mhamishie Tukuyu. Wajerumani waliiita Neu Langenburg na boma lao lilikuwa huko, na ukungu na mvua ya Rungwe hutahitaji hata kuvitunga. Ukitaka mchumba wa misheni badala ya askari, Wamoraviani walifika Rungwe 1891, tarehe zako zitakaa vizuri kabisa.

Iringa nayo inafaa, ila si kwa 1905: lile Boma ambalo sasa ni makumbusho lilijengwa 1914 kama hospitali. Mimi ningelichukua hilo bila kusita. Nyumba iliyolaza wagonjwa wa vita ina sababu yake ya kutotulia usiku, na mapenzi ya muuguzi na mgonjwa yanaaminika kuliko ya afisa na binti mpangaji.

Kama lazima iwe Mbeya mjini, basi mpenzi wako wa kuzimu awe mtafuta dhahabu wa miaka ya 1930, na nyumba iwe ya Mwingereza. Hadithi yenyewe ni nzuri, usiiache.