Mpira wa setilaiti kwenye baa za Uingereza ulianza kabla ya Premier League

Je, mpira wa setilaiti kwenye baa za Uingereza ulianza na Premier League, ligi kuu mpya ya 1992? Hapana, Premier League haikuwa mwanzo. BSB, kampuni ya televisheni ya setilaiti ya Uingereza, walikuwa na chaneli ya michezo tangu 1990. Walipoungana na wapinzani wao Sky Novemba mwaka huo, chaneli ile ikaja kugeuzwa kuwa Sky Sports, tarehe 20 Aprili 1991. Kwa hiyo baa yenye dishi ilikuwa na michezo mubashara zaidi ya mwaka mzima kabla mshambuliaji Teddy Sheringham hajawafunga Liverpool, 16 Agosti 1992, akiwa na Nottingham Forest, mechi ya kwanza ya ligi mpya kuonyeshwa na Sky.

Ila 1992 ndiyo iliyojaza baa, na sababu ni pesa. Septemba 1 matangazo ya Sky Sports yakafungwa kwa msimbo, hulipii huoni. Mechi za ligi mubashara zilikuwa huko tu, na nyumba nyingi hazikuwa na dishi. Shabiki ananunua bia yake, anapata dakika 90, sawa kabisa na vibanda umiza vyetu.

Angalizo: kadi ya kufungulia chaneli iliyolipiwa kwa matumizi ya nyumbani haikuruhusiwa baa. Mwenye baa alitakiwa alipie kibiashara, tena ghali zaidi.