Belti ya taimingi na pampu ya maji: badilisha kwa pamoja

Ndugu, umeuliza kama ubadilishe belti ya taimingi (mkanda unaozungusha shafti za injini kwa mpangilio) tu na kuiacha pampu ya maji kwa kuwa haijaanza kuvuja. Kama pampu inazungushwa na belti hiyohiyo, badilisha vyote, pamoja na tenshena (kifaa kinachoikaza belti). Pampu ikija kuvuja baadaye utafungua kila kitu upya, na kulanti (maji ya kupozea injini) itakuwa imeilowesha belti mpya.

Mwaga kulanti injini ikiwa imepoa. Usitoe belti kabla alama za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayofungua valvu) hazijakaa sawa. Ukishafunga, tafadhali usipige stata kwanza! Zungusha krenki kwa spana, taratibu, mizunguko 2 kamili, kisha kagua alama tena. Ukihisi imegota, usilazimishe: huenda pistoni imegusa valvu, na valvu hupinda.